Khitma ya Mama Aliye Hai

Kaka yangu aliporudi Maskati kutoka Uingereza alikuja na masanduku yake, koti zito la baridi, na imani kwamba mafao yake ya kukosa kazi yangemfuata. Alikuwa akiyazungumza kama mtu anavyouzungumzia mzigo uliobaki uwanja wa ndege: umechelewa tu, utaletwa. Mwanzo nilishangaa. Kinyaa kilikuja baadaye.

Alikwenda kule akiwa kijana kusoma, akabaki. Alifanya kazi katika duka kubwa la samani mpaka akawa msimamizi. Akaoa, akaacha, hakupata mtoto. Duka lilipofungwa, akawa analipwa na serikali ya kule mafao ya mtu asiye na kazi, kwa masharti ya kutafuta nyingine na kuripoti kwa mwanamke mmoja wa ofisini aliyepewa jukumu la kumfuatilia. Haikupatikana nyingine. Ndipo alipotupigia simu kusema anarudi nyumbani, na Mama akafurahi mpaka akaanza kumtandikia kitanda siku hiyo hiyo.

Nyumbani maana yake kwangu. Tunakaa Al Khoudh, mimi na mume wangu na watoto wetu, na Mama tangu Baba alipofariki. Mama alizaliwa Pangani, akasomesha Kiingereza katika skuli ya wasichana Tanga kabla familia haijahamia Omani. Natanguliza hilo la Kiingereza kwa sababu kaka yangu, aliyekulia mikononi mwake, ndilo alilolisahau.

Wiki ile ya mwanzo nilimpeleka mwenyewe kwenye ofisi inayoshughulikia bima ya wanaopoteza kazi. Tulihudumiwa na kijana nadhifu, kanzu nyeupe na kofia yake ya kutarizi. Tulikuwa tukinong'ona Kiswahili, akatusikia, akacheka.

"Shikamooni. Nyie mwatoka upande gani?"

"Mama yetu wa Pangani," nikamwambia.

"Bibi yangu wa Bagamoyo," akasema, na tangu hapo akatuhudumia kama jamaa zake. Alimsikiliza kaka yangu mpaka mwisho, tena kwa adabu, kisha akamweleza: "Kaka yangu, bima ya hapa ni ya yule aliyefanya kazi hapa, akakatwa mshahara wake hapa. Wewe hujapata kufanya kazi hapa. Na hayo ya kule, baina yetu na wao mimi sijaona mkataba wowote wa kuhamisha. Kwa kawaida ukishahama, yanakatika."

"Yanakatika vipi? Mimi nimelipa kodi kule nusu ya umri wangu."

"Najua. Lakini ndivyo zilivyo nchi."

Ndani ya gari kaka yangu alisema kijana yule hajui kitu. Nilikuwa naendesha, macho yangu barabarani, hata sikumwangalia aliponieleza habari yenyewe. Hakuwaambia watu wa kule kwamba amehama. Aliwaambia amekuja kututembelea. Sheria yao inamruhusu mtu kutoka nje ya nchi kwa muda mfupi bila mafao yake kukatika, mradi aendelee kutafuta kazi na kujibu simu zao. Anuani yake bado ilikuwa ya rafiki yake aliyekuwa akikaa naye, mtu mwema, mswalihina, aliyekubali barua zake zipokelewe pale.

"Na muda wenyewe ukiisha?"

"Ukiisha tutaona," akasema, akafungua redio.

Akawa anajifungia kwenye majlisi, chumba chetu cha wageni, kila anapongojea simu ya yule mwanamke wa ofisini. Watoto huambiwa wanyamaze. Mama alidhani anafanya mahojiano ya kazi, akawa anamwombea dua nje ya mlango. Nilimwambia mume wangu kwamba sipendi, naye akasema mwache, mtu mzima huyo, atajua mwenyewe.

Ukafika mwisho wa muda wake. Ilikuwa Ijumaa, wanaume wamesharudi msikitini, na mimi napakua chakula. Mama alikuwa kwenye kiti chake ukumbini, karibu na mlango wa majlisi, anamenya vitunguu thomu. Kaka yangu alikuwa ndani na simu yake, na kwa kuwa siku hizi hasikii vizuri sikio moja, alikuwa ameifungulia sauti. Mlango haukufungika sawasawa.

Nilipita na sahani ya saladi nikamsikia anasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini ambayo sikupata kumjua nayo: "Ndiyo. Ghafla tu. Moyo."

Yule mwanamke akampa pole. Alikuwa na sauti ya upole, sauti ya mtu ambaye huenda naye alishawahi kuzika. Akamuuliza mama yake alikuwa na umri gani.

Kaka yangu akautaja umri wa Mama. Aliutaja sawasawa, bila kupunguza wala kuongeza, kisha akasema, "Asante. Asante sana. Tulikuwa karibu mno."

Mama aliacha kumenya. Kisu kilibaki mkono mmoja, kitunguu mkono wa pili. Hakuniangalia. Yule mwanamke wa simuni aliendelea: aliyefiwa na mtu wake wa karibu akiwa safarini huweza kuongezewa muda, asiharakishe kurudi, ila akishapata cheti cha kifo awapelekee. Kaka yangu akashukuru tena. Nikasikia anapenga makamasi. Sijui kama aliyalazimisha au yalikuja yenyewe, na mpaka leo sijui lipi kati ya hayo mawili linanichukiza zaidi.

Tukakaa kula. Mama alimpakulia mwenyewe, akamchagulia pande la nguru la katikati, lisilo miba, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kula ushibe. Leo nna matanga yangu mwenyewe."

Kaka yangu alishusha mkono.

"Nlisikia kuwa ni moyo," Mama akaendelea, taratibu kabisa, huku anamwagia mtoto wangu mchuzi. "Afadhali. Mie siku zote nlikuwa naogopa sukari."

Mume wangu aliniangalia, hakuwa anajua kitu. Watoto walicheka, kisha wakaona hakuna mkubwa anayecheka, wakanyamaza. Kaka yangu akajaribu kutabasamu.

"Mama, ni maneno tu yale. Sheria zao za kijinga. Hawampi mtu nafasi mpaka awe amefiwa."

"Kwani mashangazi zako wamekwisha?"

"Shangazi hakubaliwi. Lazima awe mzazi, au mke, au mtoto."

Hapo ndipo chakula kiliponigeuka mdomoni. Kwa hiyo alikuwa amesoma. Alikuwa amekaa na sheria yao, akatupitia mmoja mmoja: mke hana, mtoto hana, Baba keshakufa, akamfikia Mama, akaona huyu anafaa. Nilinyanyuka nikaenda jikoni na kitambaa mdomoni. Sikuwa na mimba wala homa. Kilikuwa kichefuchefu cha kumwona mtu uliyenyonya naye ziwa moja anatafuna samaki.

Alinifuata huko huko. Nilikuwa naosha sufuria. Alisimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani, ule mkono aliolia chakula, na harufu ya nguru ikanifika puani.

"Mdogo wangu, wewe si unafanya kazi masijala ya kituo cha afya?"

Nilishajua anakokwenda.

"Karatasi moja tu. Wao kule hawajui Kiarabu. Hata ikiwa na muhuri wa kawaida..."

"Toa mkono wako."

"Nisikilize kwanza. Hakuna anayeumia. Serikali yao tajiri. Na Mama mwenyewe yupo, si anakula pale?"

"Toa mkono wako begani kwangu," nikasema, "kabla sijauosha kwa maji haya ya moto."

Akautoa. Alikwenda zake kwa hasira, kama kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Kazini wiki ilipoanza nilifungua kabati la mafaili, nikawaza kwamba kaka yangu alikuwa ameniona mtu wa kumtengenezea Mama karatasi ya kufa. Nilinawa mikono mara kadhaa siku ile, na wenzangu wakaniuliza nimeshika nini.

Nilidhani limekwisha. Kumbe alikuwa na shimo jengine alilolichimba. Yule rafiki yake mwenye anuani, kaka alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba mtu wa ofisi akija kuuliza, amwambie amekwenda kumzika mama yake. Kwa kuona haya, hakumwambia kwamba ni uongo. Na yule maskini, kwa wema wake, akaamini. Akaupeleka msiba msikitini kwao.

Tulikuja kuyajua hayo alasiri moja, simu ya nyumbani ilipolia. Aliipokea dada wa Kiganda anayetusaidia kazi. Akatoka mbio sebuleni, macho yamemtoka.

"Mama, kuna mtu analia kwa simu. Anasema pole ya msiba. Nani amekufa?"

Nilitaka kuiwahi, lakini Mama alikuwa karibu zaidi. Akaichukua.

"Haloo. ... Ndiyo, ndiko. ... Mie mwenyewe."

Nikasikia ukelele wa upande wa pili mpaka nilipokuwa nimesimama. Mama akaitenga simu na sikio, halafu akairudisha.

"Usipige kelele, wewe. Sikufa. Nimekaa hapa nakunywa chai. ... Hebu kaa chini. Una mtu hapo? Kaa chini kwanza."

Alikuwa shoga yake wa zamani, waliosomesha pamoja Tanga, ambaye watoto wake walimchukua Uingereza miaka mingi nyuma. Anakaa mji ule ule aliokuwa akikaa kaka yangu. Mama alimtuliza kama anavyotulizwa mtoto aliyeota vibaya. Kisha akasikiliza muda mrefu, mkono mmoja shavuni. Akaweka simu. Nikakaa miguuni pake.

"Wamenisomea khitma," akasema. "Watu wameacha kazi zao, wamekusanyika, wakanisomea. Wanawake wamepika. Yeye alisimama akawahadithia habari zangu za Tanga, vile tulivyokuwa tukigawana chumba, na vile nilivyompa viatu vyangu siku alipokwenda kuposwa. Akalia, na wenzake wakalia."

Hapo machozi yakamtoka. Tangu Ijumaa ile ya chakula sikumwona hata kulengwalengwa. Uongo wa mwanawe aliupokea kwa mzaha mkali, lakini wema wa watu wale, uliomwagwa bure kwenye uongo, huo hakuweza kuufanyia mzaha.

"Nitawalipa nini?" akaniuliza. "Mtu anamlipaje aliyemsomea naye hajafa?"

Alikwenda kutia udhu, akasali, akakaa juu ya msala mpaka kiza kikaingia. Aliponyanyuka alimwita kaka yangu.

"Piga simu. Kwanza kwa rafiki yako, umwombe radhi, naye awaombee radhi wenzake. Kisha umpigie yule bibi wa ofisini, umwambie nimefufuka."

Kaka yangu alimpigia rafiki yake. Niliyasikia maneno ya upande huu tu, na yalikuwa mafupi. Mwisho kaka alibaki anaitazama simu, na nilijua amekatiwa. Ama ofisini, alikataa kupiga. Alisema wakijua watakata kila kitu, watadai cha nyuma, na pengine watamshitaki.

"Basi," Mama akasema. Niliijua "basi" ile.

Haukupita muda yule mwanamke akapiga mwenyewe kuulizia cheti. Kaka yangu alikuwa majlisi. Alikuwa anamweleza habari za ofisi za Omani na ucheleweshaji wao, uongo mtupu, maana hapa karatasi kama hizo hazichelewi, wakati mlango ulipofunguliwa na Mama akaingia na bakora yake. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alinyoosha mkono, na kaka yangu, kwa mazoea ya utotoni ambayo hayamtoki mtu, akampa simu.

Mama alizungumza Kiingereza chake cha darasani, kila neno limesimama mahali pake. "Habari za asubuhi, bibi. Mimi ndiye mama yake. Ni mzima. Nakuomba radhi kwa kupotezewa wakati."

Kisha yule mwanamke akasema, naye kwa adabu, kwamba amefurahi kusikia hivyo, na anaomba azungumze na mwanawe. Mama akamrudishia simu kwa upole. Nadhani aliamini kabisa kwamba sasa mwanawe atasema kweli, kwamba mtoto ukishamfikisha mlangoni, ataingia mwenyewe.

Kaka yangu akavuta pumzi. "Samahani sana," akasema. "Huyo ni mama yangu mdogo. Msiba umemchanganya akili. Tangu dada yake afariki anadhani yeye ndiye marehemu."

Alisema hayo Mama amesimama mbele yake, anaelewa kila neno.

Nimeshawahi kuona mambo mengi ya uchafu pale kituo cha afya ninapofanya kazi, miili na maradhi na yanayotoka ndani ya watu, na nimezoea. Sijaona kitu kichafu kama uso wa kaka yangu dakika ile. Haukuwa na aibu, wala ukatili. Ulikuwa uso wa mtu anayefanya hesabu. Mama alirudi nyuma hatua moja akanishika mkono.

Nilimpokonya simu. Sikuiomba. Nikamwambia yule mwanamke kwamba mimi ni dada wa huyu bwana, kwamba aliyezungumza naye ni mama yetu mzazi, mzima wa akili kuliko sote, na kwamba kaka yangu alihama Uingereza siku aliyopanda ndege na hana nia ya kurudi. Akaniuliza kama naelewa ninachokisema. Nikamwambia naelewa. Akashusha pumzi, pumzi ya mtu aliyechoka, akasema ataandika alivyosikia na wengine watalishughulikia, kisha akaongeza, kwa sauti nyengine: "Msalimie mama."

"Umeniuza," kaka yangu aliniambia.

Nilitaka kumwambia mengi. Nilichofanya ni kufungua madirisha ya majlisi, ingawa kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi na nje joto limesimama. Nilihisi chumba kinanuka.

Mafao yakakatwa, na baadaye wakamwandikia arudishe aliyoyachukua tangu aondoke. Analipa kidogo kidogo mpaka leo. Mume wangu, ambaye ana roho pana kuliko yangu, alimtafutia kazi kwa mtu anayeuza mapazia na makochi Azaiba. Kazi anaiweza, sikatai. Anapanga chumba jirani na duka, na kila Ijumaa anakuja kula.

Mama anampokea kwa kumbusu kichwani. Mwanzo sikuweza kuvumilia, nikamwuliza jikoni inawezekanaje.

"Nshamsamehe," akasema.

"Mimi siwezi."

"Mie ndiye niliyeuliwa. Wewe umeuliwa na nani?"

Nimelifikiria swali lake mara nyingi. Nilikuwa na kaka niliyemngojea kila likizo, aliyeniandikia barua nikiwa msichana, aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwenye njia ya mchanga kabla hapa hapajatiwa lami. Huyo simwoni tena hata akiwa amekaa mbele yangu.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na wageni, jamaa wa mume wangu kutoka Mawaleh ambao hawajui lolote la habari hii. Kahawa ikapita, halwa ikapita. Mmoja wao akamwuliza kaka yangu kwa nini aliiacha Ulaya, watu wote wanaikimbilia.

Kaka yangu akakaa sawa. "Niliacha kwa ajili ya huyu," akasema, akamwonesha Mama kwa mkono wazi. "Nilikuwa nalipwa kule na serikali, sina dhiki. Nikawaambia nataka kwenda kumwangalia mama yangu. Wakasema ukienda tunakukatia. Nikasema kateni. Wale watu hawana huruma, hawajui mama ni nini."

Wageni wakaguswa. Mmoja, mzee, akainua mikono akamwombea Mungu amlipe pepo kwa kumtunza mzazi, na wengine wakaitikia amina. Kaka yangu akaitikia pia, macho yamelowa. Mama alikuwa anatazama kikombe chake cha kahawa na tabasamu dogo ambalo sikuweza kulisoma.

Nilinyanyuka na sinia kama naondoa vyombo. Nilipofika jikoni niliiweka, nikainama juu ya sinki, nikatema mate, nikafungulia maji.